Jumapili ya Breki

Tuna stendi tatu na jiwe moja la kujengea.
Jiwe ni la Mwalimu Osewe, aliyeapa
kwamba mawe ya Njoro hayajawahi kumgeuka mtu.
Basi yeye ndiye aingiaye chini kwanza;
viatu vyake vya kanisani vimebaki nje kama vya mgeni.

Tuko watatu uani kwangu, Kiamunyi.
Magari matatu, viti sita kwa jumla,
na deni la sako lisilotajwa mbele ya watoto.
Nyaguthii anauza chakula cha kuku Lanet.
Toyota yake injini iko mgongoni,
buti nyuma ya injini, kwa hiyo pumba
humfikia mteja zikiwa vuguvugu, kama mkate.
Honda ya Osewe haipendi asubuhi wala Jumatatu.
Mimi Mazda, ya kijani, paa la turubai,
iliyonitoa ndama wawili na amani ya mwezi mzima.
Mama alipoiona aliizunguka
kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akauliza:
"Na sisi wengine tutakaa wapi?"
Mwaka wa nne huu. Bado natafuta jibu.

Bolti ya chini imekataa.
Spana namba kumi na nne imeteleza mara mbili
ikaondoka na ngozi ya vidole vyangu.
Tuliilowesha dizeli tangu Ijumaa,
tukaibembeleza kwa nyundo ya mbao, kisha ya chuma;
Nyaguthii akaisemesha Kikikuyu, maneno
ambayo binti yangu amekimbia kuyaandika.
Mwishowe spana ikavikwa bomba la tangi
na sisi wawili tukaning'inia.
Kaa!
Mlio wa kitu kilichotii bila kukubali.

Tukisubiri chai, tunahesabiana matuta.
Kila mmoja ana lake analolichukia.
Langu liko karibu na kinu cha unga; nalipanda kimshazari,
taratibu, kama anayepita katikati ya matanga ya watu,
na bado linanikwaruza tumbo.
Nyaguthii alisimamishwa na polisi pale Mbaruk:
hawakutaka leseni. Walitaka kukaa. Kwa zamu.
Paa langu lilichanika msimu wa mvua,
likashonwa na fundi wa viatu, kwa uzi wa viatu,
na mshono ule ndio pekee usiovuja.

Hatusemi kwa nini.
Labda ni ile lami ya Rongai, alfajiri,
kilomita nne bila tuta wala punda,
gia ya tatu ikipanda kama mtu
anayekumbuka jina alilolisahau.
Kilomita nne. Kisha lori la mahindi, na maisha.

Sasa hewa. Lazima itolewe kwenye paipu.
Mimi kwenye kanyagio, Nyaguthii ameshika chupa,
Osewe chini, na mpira mwembamba unaotema mapovu.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshikilia."
"Achia."
Mara kumi, kumi na tano. Mapovu yanapungua.
Kisha sauti yake, kutoka mahali
ambapo hakuna anayeuona uso wake:
"Honda imepata mtu. Wa Eldoret. Anakuja Alhamisi."
Mimba ya mkewe ni ya miezi saba. Mapacha.
Tulijua; hatukuwa tumepiga hesabu ya viti.

Nyaguthii ameikazia macho chupa.
Kuku amepita chini ya bampa, akachagua kivuli.
Nataka kusema jambo kuhusu Rongai,
kwamba kiti changu cha kushoto hakina mwenyewe,
lakini chini huko inasemwa
"Kanyaga,"
nami nakanyaga.
"Shikilia."